Skrini Ilizimika Saa Ngapi?

Ndugu zangu mafundi, walimu wangu mlioketi hapa mbele, na ninyi vijana mlioingia kazini juzijuzi, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya monita za nje zinazogoma kuwaka, hasa pale mkosaji anapokuwa draiva ya grafiki, yaani programu inayouwezesha mfumo kuiendesha kadi ya picha. Nitaanza na mama mmoja aliyenifundisha jambo hili kuliko kitabu chochote nilichosoma.

Mama huyu ni mtafsiri. Kompyuta yake ya mezani ina monita mbili: kushoto huweka maandishi ya asili, kulia huandika tafsiri yake. Asubuhi moja ile ya kulia ikawa nyeusi. Taa ndogo chini ya fremu ilikuwa ikiwaka na kuzima kwa rangi ya chungwa, maana yake umeme unaingia ila picha haiji. Nilikwenda, nikatoa kebo yake, nikaweka yangu ninayoiamini. Giza. Nikachomoa, nikachomeka tena. Giza. Nikamwambia, "Mama, monita imekufa." Akanunua nyingine kwa fedha aliyokuwa ameiwekea shughuli nyingine kabisa. Tukaichomeka. Nayo ikawa nyeusi.

Hakunipandishia sauti. Aliniuliza kwa upole: "Fundi, ile ya zamani ilikuwa inaonyesha nembo ya kompyuta wakati wa kuwasha, halafu Windows ikianza ndipo inazima. Hilo lina maana yoyote?"

Lilikuwa na maana kubwa. Monita iliyoonyesha nembo haijafa. Kebo na tundu vilivyopitisha nembo vinapitisha. Kilichoingia kati ya nembo na giza ni kimoja: Windows ilipakia draiva ya grafiki. Na draiva hiyo, nilipokuja kuitazama, ilikuwa imebadilishwa usiku uliopita na sasisho lililojisakinisha lenyewe. Monita ya kushoto ilikuwa kwenye HDMI, aina moja ya tundu la picha, ikaendelea vizuri. Ya kulia ilikuwa kwenye DisplayPort, aina nyingine, na draiva mpya ikashindwa kuelewana na njia hiyo. Nikairudisha draiva ya zamani, zote mbili zikawaka, ile ya zamani na ile aliyoinunua bure. Jibu mama alikuwa nalo tangu asubuhi. Mimi sikumwuliza.

Tangu siku hiyo, kabla sijagusa kebo, nauliza: skrini ilizimika saa ngapi? Sizungumzii saa ya ukutani. Nataka kujua, katika safari nzima ya kompyuta kuwaka, kuingia kwenye mfumo, kufanya kazi, kulala na kuamka, giza liliingia katika hatua ipi. Kila hatua ina wahusika wake. Ukiijua hatua, umeshawatoa hatiani zaidi ya nusu ya watuhumiwa, na hujafungua hata skrubu moja.

Ili swali hilo liwasaidie, lazima tuijue safari yenyewe. Chukueni kebo ya HDMI. Ina pini 19. Ukiichomeka, kompyuta inapeleka volti 5 kupitia pini ya 18. Monita ikiipata, inainua pini ya 19, na kwa kufanya hivyo inatangaza kwamba ipo. Kisha kadi ya grafiki inaiuliza, kupitia pini ya 15 na ya 16, wewe ni nani na unaweza nini? Monita inajibu kwa kukabidhi karatasi yake ya utambulisho, inayoitwa EDID. Sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu. Inaanza na 00, halafu FF mara sita, halafu 00 tena. Baada ya hapo inafuata alama ya mtengenezaji yenye herufi tatu, mwaka wa kutengenezwa, na orodha ya ukubwa wa picha ambao monita inaukubali. Baiti ya mwisho ni ya kuhakikisha: ukijumlisha zote 128 na kutoa 256 kila zinapojaa, unapaswa kubaki na sifuri. Isipobaki sifuri, karatasi imeharibika njiani.

Nimewahi kukaa na vijana wawili tukazisoma baiti hizo moja baada ya nyingine. Walipofika kwenye zile herufi tatu na kuona zinalingana na jina lililo mgongoni mwa monita iliyokuwa mbele yao, walinyamaza kidogo. Walikuwa wameona kwamba kifaa walichokiita kibovu kilikuwa kinajibu kila kilipoulizwa. Aliyekuwa hasikii alikuwa upande wa pili.

Upande wa pili ndiko anakoishi draiva. Kazi yake ni kuisoma karatasi ile, kuchagua ukubwa wa picha na kasi ya kuionyesha upya, kuitengea monita njia yake ndani ya kadi, kupanga saa ya ndani itakayosukuma picha, na ndipo kuanza kupeleka. Kwenye DisplayPort, iliyotoka mwaka 2006, kuna hatua zaidi: kabla ya picha kupita, pande mbili zinajaribishana kasi ya mawasiliano mpaka zikubaliane. Draiva ikikosea katika hatua yoyote kati ya hizo, matokeo kwa macho yenu ni yaleyale: weusi, na maandishi kwamba hakuna signali. Maandishi hayo yanasema picha haijafika. Hayasemi imekwama wapi. Naomba msiyasome kama cheti cha kifo cha monita.

Sasa, ile nembo ya mwanzo. Kompyuta inapowaka, kabla Windows au Linux haijaamka, programu ndogo iliyo ndani ya kadi na ubao mkuu huchora picha nyepesi bila draiva yoyote. Kwa hiyo kwenye kompyuta ya mezani, monita ikionyesha nembo au ikikubali kuingia kwenye mipangilio ya BIOS, ndiyo hiyo programu ndogo ya ubao mkuu, una shahidi asiye na upande. Kwenye laptopu nendeni taratibu. Nyingi huonyesha nembo kwenye skrini yake yenyewe peke yake hata kama kila kitu ni kizima, hivyo kutoiona kwenye monita ya nje hakuthibitishi lolote. Kuiona kunathibitisha mengi.

Giza likianza kabla ya nembo kwenye kompyuta ya mezani, iacheni draiva. Angalieni monita imechaguliwa tundu lipi kwenye menyu yake, maana yenye HDMI mbili huweza kuwa inasubiri kwenye lile lisilo na kebo. Angalieni kebo imechomekwa kwenye kadi ya grafiki au kwenye ubao mkuu. Kompyuta yenye kadi ya pembeni mara nyingi huyazima matundu ya ubao mkuu, na mtu aliyehamisha meza amechomeka pale alipoona tundu linafanana. Hilo tu.

Giza likianza baada ya nembo, hapo ndipo kwetu.

Kwenye Windows fungueni Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta, mtazame sehemu ya kadi za picha. Msiangalie tu kama kuna alama ya njano. Someni jina. Mkikuta Microsoft Basic Display Adapter, mmefika: draiva halisi haipo, na Windows inatumia ya dharura. Hiyo ya dharura inachukua picha moja iliyoachwa na BIOS na kuishikilia hivyohivyo. Haijui kupanua kazi kwenye monita ya pili, na mara nyingi haiwezi kubadilisha ukubwa wa picha. Ndiyo maana mteja atakuambia mambo mawili akidhani hayahusiani: monita ya pili imekataa, na herufi zimekuwa kubwa na za ukungu. Ni ugonjwa mmoja. Mkikuta jina halisi la kadi lakini ndani kumeandikwa Code 43, maana yake kifaa kimeripoti tatizo na Windows imekisimamisha. Hapo huenda ni draiva, huenda ni kadi yenyewe, na itabidi mfanye jaribio nitakalolieleza baadaye.

Kabla hamjagusa chochote, andikeni namba ya toleo la draiva na tarehe yake. Iandikeni kwenye karatasi, kwa mkono. Nasisitiza karatasi kwa sababu mkishaiondoa draiva, kompyuta hiyo huenda isiwe na picha ya kukuonyesheni mlichohifadhi ndani yake. Mama mtafsiri ana kikaratasi changu nyuma ya monita mpaka leo, kina namba ya toleo linalofanya kazi.

Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, rudini nyuma kwanza, msikimbilie mbele. Ndani ya Device Manager, kwenye ukurasa wa draiva, kuna kitufe cha kurudisha ile iliyotangulia. Kikiwa kimefifia, Windows haina nakala ya zamani, hivyo itafuteni kwa mtengenezaji. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulipuuza: kwa laptopu, anzeni na draiva iliyotolewa na mtengenezaji wa laptopu, siyo ya mtengenezaji wa chipu. Ya mtengenezaji wa chipu ni mpya zaidi, kweli, lakini imeandikwa kwa ajili ya kila mashine duniani. Ya laptopu inajua matundu ya mashine ile yameunganishwa vipi. Nimeona mara nyingi draiva mpya ya jumla ikiipa mtu kasi zaidi kwenye michezo na kumnyang'anya tundu la HDMI.

Ikibidi kuanza upya kabisa, iondoeni draiva hadi mizizi. Programu ya Display Driver Uninstaller hufanya kazi hiyo vizuri, ikitumiwa kwenye hali salama, ile ambayo Windows inawaka na vitu vichache tu. Katizeni intaneti kabla. Msipokatiza, Windows Update itawatangulia: mtawasha upya kompyuta, na kabla hamjafungua faili mliyoiandaa, yenyewe itakuwa imeshapakua na kusakinisha draiva ileile mliyokuwa mnaikimbia. Halafu mtakaa saa nzima mkidhani dawa haifanyi kazi, kumbe mgonjwa hajainywa.

Na kuna kuzima kusiko kuzima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mtu akibonyeza kuzima, kompyuta nyingi hazizimi kikamilifu. Sehemu ya ndani ya mfumo, pamoja na hali ya draiva, inahifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kwa hiyo draiva iliyochanganyikiwa leo inaamka kesho ikiwa bado imechanganyikiwa. Mteja anawaambia kwa dhati kwamba ameizima na kuiwasha mara tano. Anasema kweli, msimbishie. Mwambieni achague kuwasha upya badala ya kuzima. Kuwasha upya kunaanza kila kitu tangu mwanzo.

Giza la tatu ni lile linalokuja kompyuta ikiamka usingizini. Ilikuwa nzima, ikalala, ikaamka, monita ya nje haikuamka nayo. Hapa draiva ipo na inafanya kazi, ila imepoteza hesabu ya nani yupo na nani ameondoka. Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na P, mchague upya kupanua au kurudufu, kwa sababu wakati mwingine Windows imerudi kwenye skrini moja kimyakimya. Isiposaidia, bonyezeni kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itapepesa, mtasikia mlio mfupi, na draiva itaanzishwa upya bila kufunga kazi ya mtu. Kama monita itarudi baada ya hapo, mmeshapata ushahidi. Monita mbovu hairudi kwa vitufe vinne vya kibodi.

Giza la nne ni la ghafla katikati ya kazi: skrini zote zinazima kwa sekunde chache, zinarudi, au moja inarudi na nyingine hairudi. Windows ina mlinzi anayeitazama kadi ya grafiki. Kadi isipojibu ndani ya sekunde 2, mlinzi anaiangusha draiva na kuianzisha tena ili kompyuta yote isigande. Kila anapofanya hivyo anaandika kwenye Event Viewer, daftari la matukio ya Windows, tukio namba 4101. Nendeni mkalitafute. Likiwa moja kwa mwezi, siwezi kusema neno. Yakiwa kumi kwa siku, na yameanza siku draiva ilipobadilishwa, mnajua pa kwenda. Yakiwa kumi kwa siku na draiva haijabadilishwa tangu mwaka jana, pimeni joto la kadi na umeme inaopata, maana huko draiva inaanguka kwa kosa la mwingine.

Sasa naomba muda kidogo kwa laptopu zenye chipu mbili za grafiki, kwa sababu hapa ndipo naona watu wazuri wakipotea.

Laptopu nyingi zina chipu ndogo iliyo ndani ya prosesa, na kubwa iliyo pembeni. NVIDIA walileta mpangilio wao wa Optimus mwaka 2010: chipu ndogo inahudumia skrini ya laptopu na kuokoa betri, kubwa inaamshwa kazi ikizidi. Lakini jiulizeni tundu la HDMI limeungwa wapi. Kwenye mashine fulani limeungwa kwenye chipu ndogo, na kwenye nyingine limeungwa moja kwa moja kwenye kubwa. Kwa nje hamwezi kujua, matundu yanafanana.

Chukueni ile ambayo HDMI imeungwa kwenye chipu kubwa. Draiva ya chipu kubwa ikiharibika, skrini ya laptopu inaendelea kung'aa kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu inahudumiwa na ndogo. Mwenye laptopu anatazama skrini yake nzuri, anatazama monita nyeusi, na akili yoyote timamu itamwambia kwamba laptopu ni nzima na monita ndiyo mbovu. Nasi mafundi tunamkubalia. Lakini kinachoonekana kizima kinatumia draiva nyingine kabisa! Ndiyo maana kwa laptopu ya namna hii nasema: someni majina yote mawili kwenye Device Manager, na mkikuta moja limezimwa au halipo, msitoke hapo. Kuna watu walioshauriwa kuizima chipu kubwa ili betri idumu, wakaizima, na miezi mitatu baadaye wakachomeka monita kwa mara ya kwanza.

Wanaotumia Linux wana njia yao, na kwa kweli inafurahisha kwa sababu mfumo hauwafichi kitu. Andikeni lspci -k, mtaona kila kadi na draiva inayoiendesha. Kisha someni faili za hali zilizo ndani ya /sys/class/drm. Kila tundu lina folda yake, na ndani ya kila folda kuna faili iitwayo status yenye neno moja: connected au disconnected. Neno hilo lina thamani kubwa. Likiwa connected na skrini ni nyeusi, draiva inaiona monita ila haijaipa picha, na tatizo liko kwenye mipangilio au kwenye uchaguzi wa ukubwa wa picha. Likiwa disconnected na kebo imechomekwa barabara, tangazo la pini ya 19 halijafika kwa draiva. Na kama folda ya tundu lenyewe haipo kabisa, draiva inayolimiliki haijapakiwa. Hapo mmeshayatenga matatizo matatu tofauti kwa kusoma neno moja.

Sababu za draiva kutopakiwa kwenye Linux ni chache na zinajirudia. Ya kwanza ni keneli mpya, yaani kiini cha mfumo: imesasishwa, na moduli ya draiva ya pembeni haikujengwa upya kulingana nayo. Wakati wa kuwasha, chagueni keneli ya zamani kwenye menyu. Monita ikiwaka, mmemaliza uchunguzi. Ya pili ni Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha kompyuta. Ikiwa imewashwa, keneli inakataa moduli isiyo na sahihi inayoaminika. Wakati wa kusakinisha, mfumo huomba nywila, na kompyuta ikiwashwa upya hutokea ukurasa wa buluu unaotaka mtu athibitishe ufunguo. Ukurasa ule haukai muda mrefu. Mtu akiupita bila kusoma, draiva inabaki kwenye diski tu, imesakinishwa na haipakiwi kamwe. Ya tatu huniumiza zaidi kwa sababu tunaisababisha wenyewe. Siku ya kusakinisha Linux picha iligoma, mtu akaongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuwashia, ikakubali, akashukuru Mungu, na neno likabaki humo. Neno hilo linaiambia keneli isipange picha yenyewe. Likibaki, monita ya nje haina wa kuihudumia. Lifuteni draiva halisi ikishapatikana.

Juu ya doki, vile visanduku vya kuongezea matundu, na adapta za USB nitapita haraka, ila tofautisheni aina mbili. Kuna USB-C inayopitisha DisplayPort yenyewe ndani ya kebo; hiyo inatumia kadi na draiva ya kompyuta kama kawaida, na si kila tundu la USB-C linaweza, hata kama plagi inaingia vizuri. Na kuna doki za DisplayLink, ambazo programu inaibana picha na kuituma kama data ya USB, kisha chipu iliyo ndani ya doki inaifungua. Hizo bila programu yake ni kipande cha plastiki chenye matundu. Kwenye Mac, programu hiyo inahitaji pia ruhusa ya kurekodi skrini, na mtu akiikataa ruhusa kwa kuhofia usiri wake, monita inabaki nyeusi. Mwelezeni kwa heshima kwa nini ruhusa hiyo inaombwa, kwa sababu hofu yake ina msingi. Na wakati tuko kwenye Mac: MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 inahudumia monita moja tu ya nje kwa njia yake ya kawaida. Mtu akileta mbili, hakuna draiva ya kadi itakayomsaidia, na ni haki yake kuambiwa hivyo mapema.

Niliahidi jaribio. Mnapobaki na shaka kama ni draiva au ni kifaa, leteni shahidi wa pili. Tengenezeni flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, iwasheni kompyuta kwa flashi hiyo, kebo ileile, monita ileile, tundu lilelile. Diski ya mteja haiguswi. Mfumo huu una draiva nyingine, zilizoandikwa na watu wengine. Picha ikija, kadi, tundu, kebo na monita vyote vimeachiwa huru, na mnarudi kwenye draiva ya Windows bila wasiwasi. Picha isipokuja, bado si hukumu, kwa sababu huenda draiva ya Linux nayo haiifahamu kadi hiyo. Hapo ndipo mnaazima kebo na monita nyingine. Jaribio hili linachukua dakika kumi na tano. Ningelifanya siku ile, mama asingenunua kitu.

Lazima pia niseme haki kwa upande wa pili, msije mkaondoka hapa mkiilaumu draiva kwa kila giza. Nembo ya BIOS ni picha ndogo, nyepesi. Kebo dhaifu inaipitisha bila shida, kisha Windows inaomba 3840 kwa 2160 kwa hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, na kebo inashindwa. Picha ya ukubwa huo kwa kasi hiyo inahitaji HDMI 2.0, ya mwaka 2013, yenye uwezo wa gigabiti 18 kwa sekunde. Vifaa vya HDMI 1.4 vinaishia hezi 30 kwa ukubwa huo. Kwa hiyo giza la baada ya nembo lina watuhumiwa wawili, draiva na kebo inayobanwa kupita kiasi, na kuwatenganisha ni rahisi: shusheni picha hadi 1920 kwa 1080, hezi 60. Ikitulia hapo na kukataa juu, shukuni kebo au tundu kwanza. Ikikataa hata hapo, rudini kwa draiva. Msiogope kujaribu, mkibadilisha ukubwa na skrini ikawa nyeusi, msibonyeze chochote, Windows itasubiri sekunde 15 na kurudisha ulivyokuwa.

Na katika yote haya, badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi anayebadilisha kebo, anasakinisha draiva na kugusa mipangilio ya BIOS kwa mpigo, hata akifanikiwa hajui kilichoponya, na mteja akirudi baada ya wiki mbili ataanza sifuri.

Waulizeni wenye mashine. Mtu anayeitazama skrini ile saa nane kila siku ameona mambo ambayo ninyi hamtayaona kwa dakika ishirini. Hajui majina yake, atasema "ilinata", "ilifanya kama inataka kuwaka ikaacha", "kipanya kilipotea upande wa kulia". Hilo la kipanya kupotea upande wa kulia, kwa mfano, ni taarifa kamili: mfumo unaamini monita ya pili ipo na imewashwa, maana umeruhusu mshale uende huko. Mtu asiyejua EDID ni nini ameshakuambieni kwamba karatasi ya utambulisho imesomwa.

Nimeongea vya kutosha. Pale nyuma kuna meza yenye kompyuta tatu, kila moja na monita yake, na zote tatu tumeziharibia draiva asubuhi hii kwa namna tofauti. Kebo ni nzima, monita ni nzima, nimezipima mwenyewe. Ya kwanza inaonyesha nembo, kisha giza. Ya pili inafanya kazi vizuri mpaka ilale. Ya tatu ni laptopu, skrini yake inang'aa na monita haisemi kitu. Kalamu na karatasi ziko mezani, za kuandikia namba ya toleo kabla hamjaanza. Wanne wanne kwa kila mashine, na yule mgeni kabisa kati yenu ndiye ashike kibodi.